Jiko Lisilovuka Kizingiti

Siku niliyofunuliwa sufuria mbele ya ploti nzima naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Harusi ilikuwa na kelele nyingi na mashemeji wengi, na mengi yake yamenitoka. Lakini ile siku ya sufuria nakumbuka hata rangi ya leso niliyojifunga, na jinsi masikio yalivyokuwa yakiniwaka kwa aibu.

Mwanangu, najua umeninunia. Juzi upepo ulipoangusha nguzo za stima huku Gatwekera, vijana mlikuja kubisha hapa kwangu mmoja mmoja. Huyu anataka makaa, yule anataka mahali pa kuchaji simu, mwingine ananiuliza eti stima itarudi saa ngapi, utadhani mimi ndiye niliyeificha chini ya kitanda. Wewe ulitoka kwako, mtaa wa Raila, na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, ukaomba moto. Nikakupa jiko na makaa, nikakwambia upike hapa hapa chini ya mabati yangu, usiende nalo nyumbani. Ukapika, ukanishukuru kwa mdomo mrefu hivi, ukaondoka. Niliona. Uzee umenipunguzia meno, macho bado yapo.

Sasa kaa hapo nikwambie kwa nini nilikuzuia. Ulisema mvua inanyesha na ungependa kupikia ndani ufunge mlango. Mimi nimewahi kumwona mama na mtoto wake wakitolewa chumba kama chako, wamelegea kama nguo zilizoloweshwa, kwa sababu ya jiko kama lile uliloomba. Sikukunyima jiko. Nilikuwa naogopa kukuzika.

Wakati huo nilikuwa binti mdogo tu, nimeolewa majuzi, tumepanga Kawangware, pale panapoitwa 46, katika ploti ya mama mmoja mzee tuliyemwita Shosho, yaani nyanya, Nyambura. Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa mume wake tangu zamani, walilima mahindi hapo kabla ya Nairobi kuwafuata. Mzee alipofariki, Shosho akajenga vyumba vya mabati, safu mbili zikitazamana na mtaro katikati, na yeye mwenyewe akabaki katika chumba cha mawe karibu na geti. Wapangaji tulikuwa mchanganyiko: Wajaluo kama mimi, Waluhya, Wakamba, wote watu wa kibarua. Alitujua kwa majina ya watoto wetu. Mimi nilikuwa Mama Atieno hata kabla Atieno hajaanza kukaa. Na alikuwa mkali! Ukimwaga maji machafu mlangoni, utasikia jina lako mpaka kule stage ya matatu.

Katika ploti ile stima ilikuwa ndani ya kodi. Unajua maana yake. Kila mtu alinunua koili, ile ya kupikia, akaichomeka ukutani asubuhi, mchana na jioni. Nani atanunua makaa wakati koili inachemsha bure? Tukatupa majiko yetu. Wengine tuliyaacha kando ya choo, wengine tuliyapeleka moja kwa moja kwenye takataka. Shosho alikuwa akipita nyuma yetu akiyaokota, anayafuta majivu, anayapanga katika banda la mabati ambamo zamani alifuga ng'ombe wake wawili. Tukamcheka. Mutua, kijana kinyozi aliyeishi chumba cha mwisho, alikuwa akimwambia, "Shosho, unafungua soko la vyuma vikuukuu ama?" Naye anamjibu, "Cheka tu. Hiyo stima yenu ni mgeni. Mgeni huondoka."

Lakini kuna jambo jingine la ploti ambalo lazima nikueleze, la sivyo hutaelewa hadithi. Wewe unalijua, ila labda hujawahi kulisikia likisemwa. Katika ploti, mtu anaweza kukuona ukioga, akasikia ukigombana na bwanako, akajua kabisa siku uliyofukuzwa kazi. Yote hayo tunavumiliana. Lakini sufuria yako haonyeshwi mtu. Ukipika unashusha pazia. Mgeni akiingia ghafla, unaketi karibu na sufuria, unapiga hadithi, hufunui mpaka aende. Si uchoyo, mwanangu, ni aibu. Hutaki ijulikane kwamba leo tena ni ugali na chumvi.

Na tulikuwa na ujanja wetu. Kila jioni nilikaanga kitunguu. Kipande kidogo tu, na tone la mafuta, lakini nakaanga kwa muda mrefu mpaka harufu itoke nje na kile kisauti cha tsss kisikike kwa jirani, aseme, "Kwa Mama Atieno leo kuna nyama." Kisha namimina sukuma wiki, tunakula na Baba Atieno kimya kimya. Sikujua kwamba jirani naye alikuwa anakaanga chake kwa sababu hiyo hiyo. Ploti nzima ilinukia karamu, na hakuna aliyekuwa amekula nyama tangu Krismasi. Yawa, tulikuwa watu wa kuchekesha.

Basi ikaja masika moja. Redio ikasema kuna kimbunga kikubwa huko baharini, na kwamba mkia wake utaleta upepo na mvua hadi bara. Asubuhi hiyo Shosho alipita mlango kwa mlango na fimbo yake. "Mama Atieno, jaza mitungi yote. Mahindi uliyoletewa kutoka nyumbani yapeleke yakasagwe leo, mashine bado inanguruma. Nunua makaa, hata kidogo." Mimi nilisema ndiyo, Shosho, kisha nikarudi kufua nguo zangu. Mutua yeye alibishana naye. "Shosho, kimbunga ni cha Mombasa. Huku Kawangware kitafikia nini? Mkia tu."

"Wewe umewahi kukamua ng'ombe?" Shosho akamuuliza.

"Mimi? Wapi."

"Basi nyamaza. Aliyepigwa na mkia wa ng'ombe usoni hasemi ni mkia tu."

Tulicheka sana. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu tulikuwa tunayaona, meusi, yamekaa chini juu ya Ngong. Lakini kijana akiona mawingu anaanua nguo, basi, anadhani amejitayarisha.

Upepo ulikuja alasiri. Nisikudanganye kwamba ulikuwa kama ule wa baharini unaong'oa miji, hapana. Lakini ulipeperusha mabati ya watu kama karatasi, ukalaza nguzo za stima moja baada ya nyingine kando ya barabara, na ile transfoma ya kwenye kona ikalia kishindo kimoja na cheche, kisha kimya. Waya mmoja ukaangukia paa la safu ya pili. Watu wakaanza kutoka nje kuutazama, mwingine ameshika ufagio eti ausukume. Shosho alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

"Acha huo waya! Tokeni huko, nyote, njooni huku getini!"

"Lakini Shosho, stima si imepotea?"

"Imepotea kwako. Huo waya umekwambia umekufa?"

Tulikaa getini na watoto, tumelowa, mpaka mafundi wa stima walipofika na kuukata. Hakuna aliyeguswa. Hilo moja alituokoa nalo hata kabla ya mengine.

Kisha stima haikurudi. Siku ya kwanza tulifanya mzaha. Siku ya pili tukaanza kuulizana. Baada ya hapo tuliacha kuulizana, maana ilikuwa wazi kwamba nguzo zilizolala ni nyingi na foleni ya kungoja mafundi ni ndefu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba stima siyo taa peke yake. Bomba likakauka, kwa sababu pampu ya kisima ilikuwa ya stima. Mashine ya kusaga ikanyamaza, na mahindi yangu yakabaki mahindi. Simu ya kibanda pale stage nayo ikafa, hata ukitaka kumwambia ndugu kwamba una shida huwezi. Mutua akafunga kinyozi, wanaume wa mjengo, wale vibarua wa kujenga nyumba, wakarudishwa nyumbani kwa sababu ya matope. Na zile koili zetu zikaning'inia ukutani, hazifai hata kuchemsha kikombe cha chai. Makaa yakaadimika mtaani, na yaliyopatikana yalikuwa mabichi, yanatoa moshi bila moto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulivunjika yote mawili.

Shosho hakutukejeli. Alifungua lile banda la ng'ombe. Majiko yetu yote yalikuwa humo, yamepangwa, na nyuma yake magunia ya makaa juu ya mawe, makavu kabisa. Akagawa jiko kwa kila nyumba na makaa ya kupimia kwa mkebe. Ila akatoa sharti moja.

"Jiko langu halivuki kizingiti cha mtu. Mnapika hapa bandani, wote, chini ya hili paa. Atakayeliingiza chumbani nitalichukua na makaa yake."

"Na mvua, Shosho?"

"Hapa pana paa, ama huoni? Moto wa makaa chumbani na mlango umefungwa unaua. Huusikii, huuoni. Unalala tu."

Sisi wanawake tuliguna. Unajua tuliguna kwa nini? Si kwa sababu ya mvua. Ni kwamba bandani hakuna pazia. Kila mtu ataona sufuria ya kila mtu. Nilimwambia Baba Atieno jioni ile, "Huyu mama anataka tu kujua tunakula nini." Na Baba Atieno, mtu asiyependa maneno, akasema, "Si tunakula upepo, acha ajue." Nilikasirika naye siku mbili.

Basi nikaanza kwenda bandani na sufuria yangu imefunikwa, na juu ya kifuniko nimetupia leso. Nachagua kona, nawageuzia watu mgongo. Ndani ilikuwa nini? Mahindi yangu yale niliyokataa kuyasaga, nimeyachemsha na chumvi. Jirani yangu Nafula naye alifanya vivyo hivyo katika kona ya pili. Nafula alikuwa rafiki yangu, msichana mpole kutoka upande wa Bungoma, na mtoto wake wa kwanza alikuwa mchanga bado, hajaanza kushika shingo vizuri. Bwanake Barasa alikuwa wa mjengo, na siku hizo hakuwa na kazi. Tulikuwa tunaangaliana, mimi na yeye, kila mmoja na kifuniko chake.

Siku moja Shosho akanikuta hivyo. Sijui aliamkia upande gani. Akasimama mbele yangu, akavuta leso, akainua kifuniko changu kwa ncha ya fimbo, mbele ya ploti nzima.

"Unafunika nini, Mama Atieno? Umeiba?"

Watu wote walikuwa wanatazama yale mahindi.

"Nyinyi watoto mna mambo," akasema. "Njaa ya ploti hii nani haijui? Kila jioni nasikia vitunguu vyenu vinalia, na nyama siioni ikipita getini. Mnamdanganya nani?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Mutua, ambaye sufuria yake ilikuwa na maji ya moto tu na majani chai, alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nililia, mwanangu. Nililia kwa hasira, nikamchukia yule mama kwa moyo wangu wote. Na nikiwa napangusa machozi nikamwona Nafula akichukua sufuria yake taratibu, bila kupika, akairudisha chini ya leso, akaondoka. Nilidhani amenionea huruma. Kumbe amejionea yatakayompata yeye.

Kesho yake mvua ilikuwa kali zaidi, na baridi ile ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Wakati wa kupika chakula cha mchana tulikusanyika bandani, tumebanana. Mimi bado sikumsalimia Shosho. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akiota moto, anatazama majiko, na mara akauliza, "Jiko la Nafula liko wapi?"

Mtu mmoja akasema labda amepika mapema. Mwingine akasema labda ameenda kwa dada yake. Mimi nilijua hakuenda popote, nilimsikia asubuhi akimwimbia mtoto. Nikasema, "Amelala. Kuna baridi." Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka afuatwe akafunuliwe kama mimi.

Shosho hakubishana na mtu. Aliamka, akatoka kwenye ile mvua bila hata kujifunika kichwa, akafika mlangoni kwa Nafula akabisha. Akaita. Akabisha kwa fimbo. Kisha akatuita sisi, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Mutua! Kuja hapa! Vunja!"

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Mutua aliupiga bega mara mbili ukaachia. Haukufunguka vizuri kwa sababu Nafula alikuwa ameziba chini kwa matambara, maji yasiingie. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Pazia limeshushwa. Hakukuwa na moshi, mwanangu, ndiyo maana nasema hili jambo ni la hatari. Kulikuwa na joto zuri tu, na jiko katikati ya chumba, makaa mekundu, na sufuria ya uji iliyokauka mpaka ikaungua. Nafula alikuwa sakafuni, kichwa ameegemeza kitandani, kama mtu aliyepiga magoti kuomba akapitiwa na usingizi. Mtoto alikuwa juu ya kitanda. Hakuwa analia.

Nilipiga nduru. Mtu akapiga kelele, "Maziwa! Mpeni maziwa!"

"Maziwa ya nini?" Shosho akamfokea. "Hewa! Watoeni nje, wanyeshewe hata na mvua, lakini watoke!"

Mutua akambeba Nafula. Mimi nilichukua mtoto. Nilimbeba mpaka bandani nikamfungua nguo kifuani, nikampepea, nikamfinya nyayo, nikamwita jina. Alikuwa mzito na amelegea, na nilikuwa namwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha akavuta pumzi moja kama kikohozi, akalia kilio kidogo sana, cha kipanya. Sijawahi kusikia sauti tamu kama hiyo, na nimezaa watoto wangu watano.

Nafula alitapika, akafungua macho, akauliza mtoto yuko wapi. Tukawalaza kwenye mkokoteni wa maji, Barasa akausukuma na wanaume wengine kwenye matope mpaka zahanati, na Shosho nyuma yao na fimbo yake. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, tungekuwa na maneno mengine.

Baadaye Nafula alinieleza. Alisema alianza kuumwa kichwa, akadhani ni njaa. Miguu ikaisha nguvu, akadhani ni njaa. Akaona ajilaze kidogo uji ukiiva. Uji wenyewe ulikuwa ni wa mtoto, unga kiganja kimoja, na yeye alikuwa anaishi kwa kukwangua yale yanayobaki. Hilo ndilo alilokuwa analificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hata mficha njaa vivyo hivyo.

Jioni yake sote tulirudi bandani. Shosho akatoka chumbani kwake amebeba sufuria. Tangu tuhamie pale hatujawahi kuona sufuria ya Shosho. Yeye ndiye mwenye ploti, tulijua anakula vizuri, na hata siku hizi za shida alikuwa akipika kando ya mlango wake, upande ambao hatuoni. Akaiweka juu ya jiko katikati ya watu, akatoa kifuniko, akakitupa kando. Ndani kulikuwa na githeri ya mahindi matupu. Hata harage moja la kubahatisha halikuwemo.

"Tazameni," akasema. "Hiki ndicho ninachokula, na si kwa sababu ya kimbunga. Vyumba vitatu hapa havijalipa, na mimi sipendi kufukuza mtu. Jana nilifunua sufuria ya Mama Atieno kabla ya kufunua yangu. Sikufanya vizuri. Nilitaka mtoke kwenye haya, nikamrudisha mtu chumbani kwenda kufa."

Ngai! Mama mzee, mwenye ardhi, anasema hivyo mbele ya wapangaji! Nilitaka kulia tena, lakini si kwa hasira. Mutua ndiye aliyeanza. Akamimina majani chai yake yote katika birika kubwa na kusema, "Mimi nina chai, haina sukari. Nani ana sukari?" Mwingine akaleta. Mmoja akatoa omena, dagaa wa ziwani, aliyokuwa ameificha tangu mwanzo wa mwezi. Mimi nikaleta mahindi yangu. Tukapikia pamoja katika sufuria moja kubwa ya harusi ya Shosho, na tukapika hivyo mpaka nguzo zikasimama na stima ikarudi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni, ila siku hizo ndizo nilizouota.

Mimi Shosho hakuniomba radhi moja kwa moja. Alipita mlangoni kwangu asubuhi iliyofuata, akanirushia kitunguu kizima, kikubwa. "Kaanga huko bandani," akasema, "tusikie wote." Nikacheka, naye akacheka, ikaisha.

Lakini si kila ploti ilicheka. Ng'ambo ya barabara, siku hizo hizo, kijana mmoja alikutwa chumbani amekufa na jiko kando yake. Alikuwa amehamia hapo karibuni. Watu walipokuja kuuliza wamjulishe nani, hakuna jirani aliyejua jina lake. Walijua tu anavaa koti la bluu na anatoka mapema. Tulichanga ploti zote ili apelekwe kwao, na ilichukua muda mrefu hata kujua kwao ni wapi. Huyo ndiye ninayemkumbuka kila upepo unapovuma, mwanangu, kuliko hata Nafula. Nafula alikuwa na mtu wa kuuliza jiko lake liko wapi.

Kwa hivyo sikiliza. Una koili, una gesi, sawa, siwaonei wivu vijana wa leo. Lakini usitupe jiko. Masika yakikaribia tafuta makaa uyaweke juu ya mawe mahali pakavu, usingoje kuyanunua yakiwa yamelowa na kila mtu anayataka. Akiba haiozi. Ukiona mawingu yamekaa vibaya, jaza mitungi, saga unga, weka omena na maharagwe, chaji simu na uiwashe tu ukiwa na haja. Tafuta tochi. Mshumaa karibu na neti ya mtoto sitaki kuuona, na koroboi ya mafuta ya taa nayo usilale nayo ikiwaka. Stima ikipotea, zima koili papo hapo, maana itarudi ukiwa umetoka na nguo ziko juu yake. Waya ukianguka juu ya bati, toka na mtoto, uite watu, na usimsikilize anayesema umekufa.

Na jiko liwake nje, au mahali penye paa na pasipo kuta. Hata likibaki majivu yenye kaa moja, lisilale na mtu. Ukiwa karibu na moto ukasikia kichwa kinauma na usingizi unakuja mchana, usijiambie ni njaa wala uchovu. Chukua mtoto utoke, hata kama kunanyesha.

Hayo ni ya mikono. La moyo ni gumu zaidi, nalo ulitayarishe kabla ya upepo, kwa sababu upepo ukishafika huwezi kuanza kujuana na watu. Wewe umekaa Raila mwezi mzima na jirani yako wa ukuta mmoja hajui mtoto wako anaitwa nani. Nilimuuliza. Leo jioni nenda ukampe jina la mtoto, na muulize yake. Siku ukipika kidogo, acha pazia wazi, aone. Usimfunue mwenzako, hilo nililionja na lina uchungu. Anza na yako. Akiona wewe huoni haya na yako, naye atakuja na ya kwake, na siku stima itakapopotea kwa wiki mtakuwa mmeshakula pamoja. Na ukikosa kabisa, bati langu lipo, na jiko lipo. Utakuja na mdomo mrefu, nitakupikia hivyo hivyo.

Mungu akutunze, mwanangu, wewe na huyo mdogo mgongoni. Masika yakukute na makaa makavu na maji ya kutosha. Chakula chako kiwe kingi, na kikiwa kidogo kisikutie aibu. Na siku usipoonekana, awepo mtu wa kuuliza uko wapi, na asingoje mvua ikatike ndipo aje kubisha.